Lenzi kuukuu na ukuta wa chokaa

Anayeuziwa lenzi ya zamani huinyanyua juani, akachungulia kioo, akikiona king'aa analipa. Anatazama pasipofaa. Kioo chenye mkwaruzo mmoja hupiga picha vizuri tu, na mara nyingi mkwaruzo wenyewe hauonekani popote. Lenzi ya kuikimbia ni ile ambayo tundu lake halifuati pete: unaiambia f/16, yenyewe imebaki f/2.

Yangu ilikuwa Helios 44M ya Kisovieti, milimita 58, yenye skrubu ya M42, nikaifunga kwenye Canon ya kidijitali kwa adapta ya bei ya chini. Asubuhi nikaenda Shela, hapa Lamu, kupiga picha za mashua. Nikafuata kanuni ya wapiga picha wa filamu: jua likiwa wazi, weka f/16, ISO 100, shata 1/100. Kanuni hiyo inafaa sana Lamu, maana tuko karibu na ikweta na jua la saa nne halina utani. Kizazi cha marehemu Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio mjini Lamu na kusifika kwa ustadi wa kuunganisha picha, hakikuwa na skrini ya kutazama kilichopatikana. Kilisoma mwanga kwa macho.

Picha zangu zikatoka nyeupe tupu, tanga na anga havitengani. Nikaiachia kamera ichague shata yenyewe. Ikapanda hadi 1/4000, mwisho wa uwezo wake, na bado picha ikaungua kidogo. Hapo ndipo ningepaswa kugutuka. Kutoka f/2 hadi f/16 ni hatua sita, yaani mwanga mara 64. Kwa f/16 ya kweli, kamera isingekuwa na haja ya kukimbia kiasi hicho. Badala yake nikailaumu kamera wiki nzima, mpaka mzee mmoja fundi wa saa alipoigeuza lenzi mkononi akauliza, "Mwanangu, hiki kipini hapa nyuma kazi yake ni nini?"

Kipini ndicho kilichokuwa na jibu. Katika kamera za filamu za skrubu ile, mwili wa kamera hukisukuma kipini wakati wa kupiga, na mabapa ya tundu yakafunga. Adapta yangu haikuwa na ukingo wa kukisukuma, kwa hiyo lenzi ilikaa wazi muda wote. Helios 44M ina swichi ubavuni, A na M. Ukiweka M, mabapa yanafuata pete bila kungoja kipini. Swichi yangu ilikuwa kwenye A.

Basi ukipewa lenzi ya kununua, usianze na kioo. Ifunge kwenye kamera, tafuta ukuta mmoja wenye jua lisilobadilika, kisha piga picha tano: f/4 kwa 1/1600, f/5.6 kwa 1/800, f/8 kwa 1/400, f/11 kwa 1/200, f/16 kwa 1/100. Zote tano zapaswa kufanana weupe. Ikiwa mbili za mwisho zimeungua na za mwanzo ziko sawa, mabapa hayafungi hadi mwisho. Yachungulie: yakimetameta kama yamepakwa mafuta, grisi imeyeyuka kwa joto ikayafikia. Kwenye Nikon ambazo kamera yenyewe ndiyo inayobana tundu wakati wa kupiga, mafuta hayo huyachelewesha mabapa, na shata hufunguka kabla hayajafika. Hilo fundi hulisafisha, ila lipunguze kwenye bei.

Kosa jingine si la lenzi kabisa. Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Kiweke mbele ya ukuta wa chokaa na kitakupa ukuta wa majivu. Kielekeze kwa bibi wa buibui jeusi na buibui litapauka. Kwa ukuta ongeza hatua moja na nusu, kwa buibui punguza. Nimeona watu wakirudisha lenzi nzuri dukani kwa sababu ya ukuta.

Nikon ndogo za bei nafuu hazipimi mwanga kabisa zikifungwa lenzi ya zamani. Si ubovu, weka shata na tundu kwa mkono, uisome histogramu. Kamera zisizo na kioo cha ndani nyingi hukataa kupiga mpaka uruhusu kwenye menyu kupiga bila lenzi.

Kuvu ndio ugonjwa wetu wa pwani, kwa unyevu wa hewa. Mulika tochi kutoka nyuma: nyuzi kama za buibui ni kuvu, utando kama pumzi kwenye kioo ni ukungu. Ukungu hudanganya, kwani picha huonekana imeungua, lakini ukipunguza mwanga weusi unabaki wa maziwa. Jaribio langu ni mlango wa nakshi ulio wazi, mimi nimesimama juani. Giza la ndani ya nyumba liwe giza. Likiwa kijivu, kinga lenzi kwa kofia. Weusi ukirudi, lilikuwa jua la pembeni tu. Usiporudi, mrudishie mwenyewe.

Super-Takumar za f/1.4 wala usiziogope kwa umanjano wa kioo. Baadhi zina thoriamu ndani, na siku kadhaa dirishani juani huwa zinatakata. Zifunike nyuma kwa karatasi ya foili, jua lisipenye likachoma pazia.

Helios bado ninayo. Swichi nimeigandisha kwenye M kwa utepe mweusi.