Diski ya Missa Luba na majina ya waimbaji

Kuna diski moja ya nyimbo za Misa ambayo karibu kila padri wa Kongo ameisikia, hata kama ni kipande tu: Missa Luba, iliyoimbwa na watoto na waalimu wa Kamina, katika Katanga, na kutolewa na kampuni Philips mwaka 1958. Imesifiwa sana, na mara nyingi na watu ambao hawakuisikiliza mpaka mwisho. Sisi tumeisikiliza tena polepole, pamoja na waseminari, tukisimamisha mashini na kurudi nyuma. Tunataka kusema hapa yaliyo mema ndani yake, na lile linalokosekana. Hatuandiki kwa ajili ya mabwana wa Ulaya wanaoiweka wakati wa kula. Tunaandikia wandugu wa Masisi na Walikale, mapadri na wakatekista, ambao siku hizi wanashika simu mkononi na kukamata sauti za korali zao bila kujiuliza wanakamata kitu gani.

Tuanze na habari yenyewe. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Alikusanya watoto wapata 45, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na waalimu wapata 15, na korali hiyo ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Hakuwatwika nyimbo za Ulaya. Maneno ya Misa yalibaki ya Kilatini, lakini sauti zilitoka katika nyimbo za Waluba na za watu wa Kasayi, na waimbaji waliachiwa nafasi ya kugeuza na kuongeza wakati wa kuimba. Tarehe 23 mwezi wa tatu 1958 wakaiimba mara ya kwanza katika mission ya Mtakatifu Bavo, Kamina. Mwaka ule ule wakapelekwa Ulaya, wakaimba katika Maonyesho makubwa ya Bruxelles. Tukumbuke ni wakati gani. Konsilyo ya Vatikano ya pili ilikuwa haijatangazwa. Papa Pius XII alikwisha sema, katika ensiklika Musicae sacrae disciplina ya mwaka 1955, kwamba wamisionari wasidharau upendo wa nyimbo walio nao watu wanaowahubiria. Lakini fasi mingi ngoma ilikuwa ingali nje ya mlango wa kanisa.

Sasa tusikilize. Kyrie imejengwa kwa namna ya kasala, wimbo wa kilio. Mwimbaji mmoja anaita, sauti yake inaanza juu na kushuka, korali inampokea. Hapa Haazen na watu wake walifahamu jambo ambalo watunzi wengi wa leo hawalifahamu. Mtu anayeomba huruma halii kwa furaha, na wimbo wa matanga unajua kuomba huruma kuliko wimbo wowote mwingine. Hawakuchukua sauti kwa sababu ni tamu. Waliichukua kwa sababu kazi yake kijijini ni karibu na kazi yake kanisani. Vivyo hivyo katika Credo: kabla ya Crucifixus ngoma inapiga habari ya mtu aliyekufa, kwa ginsi inavyopigwa kwao. Mwana wa Mungu anatangaziwa kilio kama mtu wa kijiji. Hatujui mahubiri mengi ya Ijumaa kuu yaliyosema neno hilo kwa ufupi namna ile. Sanctus nayo imetoka katika wimbo wa kuagana, inakwenda kwa utulivu, mpaka Hosanna inapokuja na mwendo wa kucheza. Wengi wanapenda Hosanna. Sisi tunapenda zaidi ule utulivu wa mbele, maana ndani yake watoto hawana haraka ya kupendeza mtu.

Gloria haitufurahishi sana. Mwendo wake ni wa kukimbia, na maneno mengine ya Kilatini yanasagika kati ya meno. Tena kuna jambo kubwa zaidi: katika diski hii hatuwasikii watu. Tunasikia korali iliyochaguliwa na ngoma zake, basi. Waumini walio katika viti, ambao Konsilyo iliwaita baadaye waimbe na kujibu, hawamo. Hilo si kosa la watoto wa Kamina, ni desturi ya diski: diski hupenda wanaojua kuimba. Lakini anayetaka kujifunza kuongoza nyimbo za Misa kwa kusikiliza diski peke yake atafunzwa vibaya, atazoea kusahau watu.

Diski ikaenda mbali. Pasolini, mtu wa sinema wa Italia, alitia Gloria yake katika filmu ya Injili ya Mtakatifu Matayo mwaka 1964. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson akatia Sanctus katika filmu If...., ambayo si ya dini hata kidogo. Sauti ziliandikwa kwa noti, zikachapwa, na korali za nchi mbalimbali zinaziimba mpaka leo. Na nani anajulikana? Jina la Haazen linajulikana. Mwimbaji wa kwanza, mwalimu Joachim Ngoi, walau ametajwa. Wale watoto 45, dunia inawajua kwa jina la mfalme wa Wabelgiji.

Mtu atatuambia: wimbo wa kanisa ni wa Mungu, majina yana kazi gani? Tumjibu kwa mfano wa mbali. Kule Ely, katika Uingereza, kulikuwa na mwalimu wa waimbaji jina lake John Amner, Mwanglikana, aliyekufa mwaka 1641. Si mtu mkubwa. Katika vitabu vya habari za muziki anapewa mistari michache tu, baada ya Byrd na Gibbons. Lakini mwaka 1615 alichapa kitabu cha nyimbo takatifu za sauti tatu mpaka sita, kwa waimbaji na kwa viola. Viola hizo ni zile za zamani, zenye nyuzi sita, zinazoshikwa kati ya magoti na kupigwa kwa upinde. Anayejua iningiri ya majirani zetu wa Rwanda, yenye uzi mmoja, atafahamu ukoo wake. Sasa, baada ya miaka mia nne, waimbaji wa siku hizi wanakitwaa kitabu hicho, wanakaa mbele ya mashini, na nyimbo za Amner zinasikika tena katika diski. Kwa sababu gani? Kwa sababu jina na noti vilibaki. Sauti za watoto wa Ely za mwaka 1615 zimepotea kabisa, hakuna awezaye kuzirudisha. Na kwa kuwa karatasi haisemi kila kitu, kila kundi lina uhuru wa kuchagua mwendo wake, wapi viola zisikike na wapi zinyamaze.

Kamina ni kinyume. Sauti imebaki. Tunasikia hata pumzi ya mtoto. Lakini kile kilichokuwa cha kugeuzwa kila mara kimefungwa mara moja kwa daima, na korali inayoiga diski inaiga mpaka pale mwimbaji alipopunguza mwendo siku ile kwa mapenzi yake. Wimbo uliozaliwa katika uhuru umekuwa sheria. Kwa maoni yetu hilo ndilo deni kubwa la diski hii, kuliko Kilatini chake chote.

Watu wa Walikale wana mfano wao wenyewe, na tunashangaa kwamba haufundishwi zaidi. Mwaka 1956, miaka miwili mbele ya Missa Luba, Daniel Biebuyck, Mbelgiji mwenye kuchunguza desturi za watu, alimsikiliza She-Karisi Rureke, Mnyanga, akisimulia utenzi wa Mwindo. Siku kumi na mbili Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, kayamba na njuga mkononi, na wenzake wakimpigia mti kwa fimbo. Maneno yaliandikwa kwa mkono. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kwa kazi ya Biebuyck na ya Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Ndani ya utenzi Rureke anajitaja mara kwa mara, anataja na wanaomsikiliza, wala waandishi hawakumfuta. Leo tunamjua kwa jina, tunajua alisema nini. Lakini msomaji wa kitabu hasikii wimbo.

Basi kule Ely jina na noti bila sauti. Walikale jina na maneno bila sauti. Kamina sauti bila majina. Ndugu yetu mwenye simu mkononi, siku hizi, anaweza kushika vyote kwa siku moja. Kwa nini hafanyi? Tumepokea sauti nyingi za korali za pande zile, zinapita kutoka simu mpaka simu. Kinanda cha umeme kinafunika waimbaji. Hakuna jina la mtunzi, wala la parokia, wala la mwaka. Wimbo mmoja wa maziko wa Kihunde tuliuuliza kwa watu watatu, na kila mmoja akataja kijiji chake.

Wala si mchezo. Mwaka 2024 na mwanzo wa 2025 vita vilisukuma watu wengi wa Masisi kutoka vijiji vyao. Mwezi wa tatu 2025 vikafika Walikale-centre. Korali haikimbii kama korali. Sauti ya kwanza inakimbilia huku, sauti ya pili kule, na mzee katekista, aliyejua wimbo ulianza wapi, labda hafiki. Anayekufa bila kuandikwa anakwenda na wimbo wake, na hakuna mtu wa Philips atakayekuja kuutafuta.

Tunasikia wandugu wengine wakisema: tuimbe Missa Luba Masisi, ni ya Kongo yetu. Waiimbe, kama wanataka, siku ya sikukuu. Lakini kasala haimlizi Mhunde, wala ngoma ya kifo ya Kasayi haimwambii Mnyanga kwamba mtu amekufa. Anayeiga Kamina shirti aige kazi waliyofanya: waende kwa wazee, waulize wimbo huu unaimbwa lini, na nani, kwa ajili ya nani. Tena waulize kwa akili. Katika utenzi wa Mwindo anatajwa Nyamurairi, mungu wa moto. Si kila sauti ya utenzi ule inaweza kuingia kanisani bila kuvuta nyuma yake habari nyingine. Kuna nyimbo ambazo wakristu wakizisikia wakati wa Komunyo watacheka, au wataogopa, na padri mgeni hatajua kwa nini. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa Roma mwaka 1988, imefungua mlango wa ngoma na wa kucheza; haikutuondolea kazi ya kuchagua.

Ndugu mmoja alituuliza fedha za kazi hii zitatoka wapi. Kazi yenyewe ni ndogo. Kinanda kinyamaze mara moja. Korali iimbe wimbo mzima, na watu wakijibu. Kabla ya kuanza, mwimbaji aseme mbele ya simu jina lake, kijiji, siku, lugha, na nani aliyemfundisha. Naye akubali kwanza kwamba sauti yake itunzwe. Kisha katekista aandike hayo yote katika daftari ya shule, maana simu inaibiwa na inaharibika. Maneno ya wimbo yaandikwe yote, na noti kama yuko anayezijua. Wimbo ukigeuzwa mwaka ujao, ukamatwe tena, na ule wa kwanza usifutwe. Daftari ikae pamoja na vitabu vya ubatizo, kwa sababu hivyo ndivyo padri anavyotafuta kwanza saa ya kukimbia.