Kikasha cha Mpingo na Mkono wa Mkereza

Miongoni mwa kazi za mbao, ukerezaji, yaani uchongaji wa mti unaozunguka kwenye keezo huku patasi ikishikiliwa imara, unastahili sifa kubwa kuliko inayopewa, na ni vitu vichache vinavyodhihirisha ubora wake kama kikasha kidogo cha mpingo chenye kifuniko. Mpingo, ambao humea Tanzania na nchi jirani na ambao kiini chake ni cheusi na kizito kiasi cha kuzama majini, hukauka polepole na hupasuka ukiharakishwa. Kwa hiyo fundi stadi hukichonga kipande kwa juu juu kwanza, kisha hukiacha kitulie kwa miezi, kwa kuwa mti haunywei sawasawa pande zote za upana wake, na duara lililokamilishwa mapema huishia kuwa duaradufu lisilofunikika.

Ugumu wenyewe umo katika shingo, yaani ukingo mwembamba wa kikasha unaoingia ndani ya kifuniko. Baada ya kukomba kifuniko, fundi huipunguza shingo kidogo kidogo, akisimamisha mashine na kujaribu, mpaka kifuniko kishike bila kulazimishwa. Ndipo hukereza sehemu zote mbili zikiwa zimeungana, ili mistari ya mti ivuke kiungo bila kukatika. Kifuniko kilichotoshana barabara hushuka taratibu kikisukuma hewa iliyomo, na huo ni ustadi wa kustaajabisha, kwani patasi ikipita mara moja zaidi kifuniko hulegea, na hakuna msasa unaoweza kurudisha kilichokwisha kuondolewa.