Hisani ya Matajiri na Haki ya Mkulima

Wako watu wanaodhani kwamba suala la hisani ni suala la moyo: tajiri anayo mali, maskini hana, tajiri akiguswa hutoa, maskini hushukuru, na mambo yamekwisha. Mawazo haya yamewaingia hata baadhi ya viongozi wetu wa kata na vijiji, ambao hupima maendeleo kwa kuhesabu mabango ya wafadhili kando ya barabara. Makala hii inakusudia kuyapinga. Hisani ya matajiri ni uhusiano wa kiuchumi, na hapana budi iulizwe maswali mawili: mali hiyo imetoka wapi, na ni nani anayeamua itumikeje?

Tuanze na nadharia yenyewe. Mwaka 1889 Andrew Carnegie, bepari wa chuma wa Marekani, aliandika kwamba tajiri ni mdhamini tu wa mali ya jamii, na kwamba yampasa kuigawa kwa busara yake kabla hajafa. Maneno hayo yanavutia. Lakini mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead walipokataa kupunguziwa mishahara, kampuni ilileta walinzi wenye silaha. Watu waliuawa, na chama cha wafanyakazi kikavunjwa kiwandani hapo. Hapo ndipo nadharia inapojifunua. Carnegie alikuwa tayari kuwajengea watu maktaba. Hakuwa tayari kuwalipa mshahara ambao ungewawezesha kuamua wenyewe kama wanahitaji maktaba au nyumba.

Mifuko ya hisani ya leo ni mtoto wa nadharia hiyo. Rockefeller ulianzishwa mwaka 1913, Ford mwaka 1936. Sheria ya Marekani huitaka mifuko ya aina hii itoe takriban asilimia 5 ya mali yake kila mwaka; inayobaki huwekezwa ili izae. Yaani sehemu ndogo hufanya kazi ya hisani, na sehemu kubwa huendelea na kazi ya mtaji. Mwezi Mei 2025 Bill Gates, akimtaja Carnegie, alitangaza kwamba mfuko wake utatumia takriban dola bilioni 200 katika miaka 20, kisha utafungwa tarehe 31 Desemba 2045. Hatukatai kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watoto. Tunalosema ni kwamba tarehe hiyo haikupangwa na wagonjwa wala na bunge la nchi yoyote. Imepangwa na mwenye mali.

Sasa tuilete nadharia hii Nyabiyonza, kata ya Wilaya ya Karagwe. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, ni nchi ya migomba na kahawa. Mkulima wa huko si maskini kwa sababu ya uvivu. Akibanwa na ugonjwa, sare ya mtoto au msiba kabla ya mavuno, huuza kahawa yake ikingali mtini, kwa bei ya mlanguzi. Biashara hiyo ndiyo iitwayo butura. Msimu ukifika mavuno ni ya mwingine, na mwakani shida huanza upya. Kahawa ikishavuka bahari, faida ya kuikaanga na kuiuza kwa kikombe hubaki huko iendako. Kisha kutoka huko huko hurudi hisani: madaftari, kisima, semina. Mkulima hushukuru, kumbe amerudishiwa chembe ya jasho lake.

Misaada ya serikali za nje si kitu kimoja na hisani ya mifuko, lakini kwa mpokeaji ina tabia ile ile: aliyeianzisha ndiye anayeikata. Mkoa wa Kagera unalijua hilo. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, na mashirika yakamiminika. Wakimbizi waliporudishwa Desemba 1996, mashirika mengi yaliondoka. Miti iliyokatwa kwa kuni za makambi ilibaki kuwa hasara ya wenyeji. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo, mkoani humo humo. Siku hiyo hiyo, Washington, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ilipofika Julai 2025 shirika la USAID lilikuwa limekwisha kufungwa. Wahenga walikwisha kusema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Lakini liko kosa la pili, nalo ni la wale wanaoshangilia. Wao husema, misaada na iondoke, tutajitegemea. Mtu anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kila siku hawezi kumeza kaulimbiu. Kujitegemea ni uwezo wa kulipa na kuamua, na uwezo hujengwa kabla mfadhili hajafunga mkoba. Azimio la Arusha lilituonya mwaka 1967 kwamba nchi inayotegemea fedha za wengine huhatarisha uhuru wake. Onyo lilikuwa sahihi. Utekelezaji haukuwa sahihi siku zote. Wakulima wa kahawa wa Bukoba walikuwa na chama kikuu chao cha ushirika tangu mwaka 1950. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Mkulima alinyang'anywa chombo chake kwa jina la kumkomboa. Huko nako kulikuwa kumfadhili mtu bila kumuuliza, na Chama kisichokiri hivyo hakina haki ya kumkosoa Carnegie.

Mfano ulio bora tunao vijijini. Katika chama cha kuzikana kila kaya hutoa, kila kaya ina sauti, na anayepokea leo ndiye mtoaji wa kesho. Hakuna anayepiga magoti. Msingi huo ndio unaofaa kukuzwa.

Kwa hiyo kazi ni tatu. Kwanza, chama cha msingi cha ushirika kiwe na fedha za kumkopesha mwanachama kabla ya mavuno, kwa maana butura haifi kwa kukatazwa. Hufa mkulima anapopata pengine pa kukopa. Pili, dawa zilipiwe kwa kodi. Juni 2025 serikali ilipendekeza bungeni tozo za ndani za kugharimia mapambano dhidi ya UKIMWI na bima ya afya. Hiyo ni njia sahihi, mradi Chama kihakikishe mzigo hauwaangukii wanyonge wale wale. Tatu, mfadhili yeyote aliyebaki asomewe mapato na matumizi yake mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na wanakijiji wawe na haki ya kumwambia hapana.

Kijiji kisichoweza kukataa msaada hakijasaidiwa, kimenunuliwa.