Kupima Sauti Inayokutembeza Magofuni

Kipimo cha kwanza nakifanyia nyumbani, Mkomani, Mombasa, kabla sijatoa hata shilingi ya nauli. Naweka iafoni masikioni, najilaza, nasikiliza rekodi ya matembezi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikiielewa yote na nisihisi upungufu wowote, naifuta. Hicho ni kipindi cha redio, na vipindi vya redio tunavyo vya kutosha. Rekodi ya fundi hukuudhi ukiwa kitandani. Inakwambia ushushe macho utazame jiwe lililo karibu na mguu wako, nawe huna jiwe. Inakwambia upite, kisha inanyamaza, nawe hujui unapita wapi. Haijakamilika mpaka uipeleke mahali pake, kwa sababu kazi yake ni kuongoza jicho na mguu. Historia inakuja nyuma ya hivyo viwili.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1952 jumba la makumbusho la Stedelijk, mjini Amsterdam, liliwapa wageni vipokezi, likarusha maelezo kwa mawimbi ya redio humo humo ndani. Kila mtu alisikia sentensi moja kwa wakati mmoja, na wote wakahama kwenda kwenye picha nyingine kwa pamoja. Leo simu imemfungua kila mtu atembee kwa mwendo wake, lakini waandishi wengi wa rekodi hizi bado wanazungumza na ukumbi. Utawatambua mapema. Wanaanza na Waarabu, wanakuja Wareno, wanafuata Waingereza, na dakika sita zimekwisha wewe ukiwa bado getini na tiketi mkononi.

Uwanja mzuri wa kupimia ni Jumba la Mtwana. Kutoka kwetu unashika matatu ya Mtwapa, unavuka daraja, kisha tuktuk au bodaboda inakufikisha karibu na ufuo. Ni mji wa mawe wa karne ya 14, uliohamwa mapema karne ya 15, ukabaki kwa mibuyu hadi mwanaakiolojia James Kirkman alipoufukua mwaka 1972. Sasa uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ni mdogo, hauna magari wala kelele za soko, na kuta zake zimesimama kiasi cha kukufanya ujue umeingia chumbani au umetoka uani. Mtengenezaji wa rekodi hana kisingizio hapa.

Nenda kwenye msikiti ulio karibu na bahari. Rekodi ya kawaida itasema kwamba msikiti huu umejengwa kwa matumbawe na chokaa, umeelekea kibla, na una birika la kutawadhia. Ni kweli yote, na hujaona kitu. Fundi anakusimamisha penye birika kwanza, anakuacha utulie, halafu anakuuliza umekanyaga nini. Unatazama chini: kuna matumbawe yenye uso wa kukwaruza yaliyopachikwa ili mtu asugue nyayo zake baada ya kuzimwagia maji. Hapo ndipo anapomleta msafiri Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 na kuandika juu ya visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti, upawa wa mti wenye mpini wa kuchotea maji, watu waliotembea pekupeku wakiosha miguu, na kipande cha mkeka cha kujifutia kabla ya kuingia. Sasa una sakafu chini yako na shahidi sikioni, na wanazungumzia jambo lilelile. Mtunzi mwangalifu ataongeza jambo ambalo mvivu hulificha: Ibn Battuta aliandika kwamba misikiti ya Mombasa aliyoiona ilikuwa ya mbao. Hii hapa ni ya mawe. Ukisikia rekodi ikikueleza tofauti hiyo badala ya kuipaka chokaa, jua uko na mtu wa kuaminika.

Kutoka hapo akusogeze kwenye kibla. Mawe ya kuchongwa yenye kingo laini na mawe ya ukutani yenye matundu makubwa si jamii moja. Ya ukutani yamechimbwa nchi kavu. Ya kuchonga yalikatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa yangali laini, kisha yakakauka na kuwa magumu. Jambo hili huelezwa kwa maneno mengi, ilhali mgeni akiambiwa tu asogeze uso hadi umbali wa shubiri na alinganishe mawe mawili, ataliona mwenyewe. Nasema uso, mkono ubaki ulipo. Rekodi inayokwambia upapase kuta za miaka mia sita itupe hapo hapo, hata kama msomaji wake ana sauti ya asali.

Kipimo cha pili ni neno "labda". Jumba la Mtwana lina nyumba ambayo wafukuaji waliiita Nyumba ya Milango Mingi, na inadhaniwa ilikuwa nyumba ya wageni, pengine wafanyabiashara waliosubiri pepo zigeuke. Inadhaniwa. Ushahidi ni mpangilio wa vyumba na milango yake. Hakuna aliyeacha kitabu cha wapangaji. Rekodi mbovu itakuingiza humo na kukusimulia baharia kutoka Shiraz akipatana bei ya chumba. Rekodi nzuri itakutaka uhesabu milango, ujiulize kwa nini familia moja iwe na milango yote hiyo, ndipo itoe dhana na kuiita dhana. Sijapata kuona mtalii aliyekasirika kwa kuambiwa kwamba wataalamu wanakisia. Wanaokasirika ni wale wanaogundua baadaye kwamba walidanganywa.

Gede, karibu kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, ndiko kunakotega waandishi zaidi. Msitu, kuta, Wareno waliokuwa Malindi jirani bila kuutaja mji wenyewe: basi kila rekodi inaanza na "mji uliopotea" na muziki wa kutisha. Nikisikia zumari lenye mwangwi kabla ya dakika ya kwanza, najua kinachofuata ni majini. Sina ugomvi na majini, watu wa huko wana masimulizi yao na yanastahili kurekodiwa kwa sauti zao wenyewe. Ugomvi wangu ni kuyatumia kufunika kazi ambayo haikufanywa. Kirkman alifukua pale kuanzia 1948 hadi 1958, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Kuna la kusema. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na ni kutoka kwenye tarehe kama hiyo ndipo vitu vingine vinaanza kupangwa. Kuna umbo la mkuki lililochongwa kwenye tao la mlango wa Msikiti Mkuu, ambalo wageni wengi hupita chini yake wakitazama skrini. Rekodi inayokuinua kichwa hapo imestahili bei yake.

Nyumba za Gede nazo zina mtego wake. Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Taa ya Chuma: majina haya ni ya wafukuaji, kwa vitu walivyokuta ndani. Hakuna mtu wa karne ya 15 aliyesema anakwenda kwa fulani wa Mkasi. Nimesikia rekodi ikieleza kwamba mwenye nyumba ya sarafu "alijulikana mjini kote kwa utajiri wake wa Kichina". Mtunzi alisoma kibao akageuza kuwa ngano. Kuhusu kwa nini mji ulihamwa, sikiliza kama inakupeleka kisimani. Kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu kiliongezwa kina, na hiyo ni dalili kwamba maji yalikuwa yanashuka. Mtu akikusimamisha ukingoni, akakwambia uchungulie, ndipo akataja pia mashambulizi na misukosuko ya pwani ya mwisho wa karne ya 16, amekupa sababu pamoja na mahali pa kuzipimia.

Nirudi karibu na nyumbani. Ukisimama ukingoni mwa maji pale English Point, Mji wa Kale wa Mombasa uko ng'ambo, Ngome ya Yesu upande wako wa kushoto. Wauzaji wa matembezi wanapenda kuuita mji wa karne za kati, na hapo ndipo ninapowakamata kwa miaka. Ngome ilianza kujengwa 1593. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe wa kuchongoka, unatajwa kuwa wa 1570. Zile roshani za mbao zinazopigwa picha sana ni za karne ya 19 na baada yake, na zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Mombasa aliyolala Ibn Battuta iko chini ya ardhi: mwanaakiolojia Hamo Sassoon aliichimba miaka ya 1970, kaskazini ya hapo, kwenye eneo la hospitali kuu ya Pwani. Kwa hiyo rekodi inayokusimamisha chini ya roshani na kukwambia uvute picha ya mwaka 1331 haijui umesimama wapi. Inayokwambia kwamba mji ulisogea, na kwamba unachokiona ni nguo mpya ya mji mkongwe, hiyo ifuate hadi mwisho.

Sasa sauti yenyewe. Watengenezaji huajiri msomaji mwenye sauti ya taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi. Kwa mtaa kama Ndia Kuu, Mji wa Kale, haifai. Namtaka mtu ambaye akitaja jina la mtaa unajua amewahi kutumwa dukani humo. Makosa madogo ya pumzi nayasamehe. Kutamka majina ya misikiti kama mtu anayesoma ramani, sisamehi. Na kama kuna watu wenyewe, wasikike. Gereza la Alcatraz, Marekani, lilipata sifa kwa rekodi yake kwa sababu waliokuwa walinzi na wafungwa ndio wanaosimulia. Sisi tuna maseremala wa milango, mabibi wanaojua nyumba gani ilikuwa ya nani, walinzi wa makumbusho waliofagia Jumba miaka na miaka, na bado tunamlipa mgeni asome maelezo.

Ukipata rekodi ya Kiswahili, chunguza inamwambia nani. Nyingi zimefasiriwa kutoka Kiingereza, na mfasiri hakukumbuka kubadilisha msikilizaji. Utasikia mtoto wa Kisauni akifafanuliwa kwa kirefu kanga ni nini, na kwamba Waislamu huswali mara tano kwa siku. Huku zidaka, zile tundu za ukutani ambazo bibi yake huenda alipangia sahani, zinapitwa bila neno. Kiswahili kikitumika vizuri, muda unaookolewa kwenye kanga unatumika kwenye zidaka.

Kwa kumpima mwandishi mmoja haraka, mpe kituo kimoja tu, hapa hapa Mkomani: makaburi ya Rosine Krapf na mtoto wake mchanga, waliofariki Julai 1844, na kumbukumbu ya mumewe iliyo karibu. Ni kituo kigumu kwa sababu hakuna cha kutazama sana. Mwandishi dhaifu anakimbilia kwa mume, mmisionari Johann Ludwig Krapf, anataja Rabai, anataja kamusi ya Kiswahili iliyochapwa 1882, na makaburi yamesahaulika. Mwenye kujua kazi anabaki na waliolala pale: mwanamke aliyejifungua akiwa na homa, mume naye mgonjwa, mji ule ng'ambo ya maji. Dakika mbili zinatosha. Akizidisha tatu, anaanza kuhubiri.

Ya mitambo nitayapita upesi. Pakua kila kitu kabla hujatoka, usitegemee bando. GPS inafanya kazi Jumba, kwa sababu mbingu iko wazi. Katika vichochoro vya Mji wa Kale inarukaruka, na utasimuliwa msikiti ukiwa mbele ya duka la vitambaa. Huko bora rekodi yenye namba za vituo unazobonyeza mwenyewe, na alama zisizobadilika: mnara, kona, ngazi. Duka lililopakwa rangi ya buluu mwaka juzi si alama. Sikio moja libaki wazi kwa ajili ya mikokoteni na pikipiki. Na mlio wa mawimbi uliopachikwa studioni, ukichezwa Jumba penye mawimbi ya kweli hatua chache tu, ni dalili kwamba mtengenezaji hakufika.

Kilichobaki ni kunyamaza, na hapa wengi huanguka hata baada ya kufaulu kote. Mji wa Kale una watu wanaoishi. Adhana ikiita, rekodi nzuri imekwisha kukwambia mwanzoni usimamishe. Ukipita barazani, imekuachia nafasi ya kutoa salamu na kuitikiwa. Nimewaona wageni wakipita mbele ya wazee wawili barazani bila hata kutikisa kichwa, wakisikiliza maelezo juu ya ukarimu wa Waswahili. Mzee mmoja aliwaambia "karibuni" mara mbili, kisha akaendelea na kahawa yake.

Gede nenda asubuhi, ukiwa na betri iliyojaa na saa mbili au tatu za kupoteza. Na usile ndizi ukisikiliza. Kima wa pale wamezoea wageni, wala hawachelewi kuamua kwamba ulicho nacho mkononi ni chao, iwe tunda au simu.