Maji ya Bati katika Pipa la Mbege

Anayesifu pombe ya mbege husifu ndizi kwanza, kisha kimea cha ulezi, na mwishoni hukumbuka magome ya msesewe yanayoipa uchungu wake. Maji hayasifiwi, ingawa ndiyo yanayochemshia ndizi, ndiyo yanayopikia uji wa ulezi, na ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya kata inayozungushwa kwa wageni. Nadhani hilo ni kosa la kusifu nusu ya ufundi. Kwa mpikaji wa nyumbani aliye kwenye miteremko ya chini ya Kilimanjaro na Meru, maji bora ya pombe ni ya mvua iliyoanguka juu ya bati lake na kuingia katika tanki lake, na kuyatunza maji hayo ni kazi ya mpikaji sawasawa na kuotesha ulezi.

Ushahidi wa kwanza uko ardhini. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania hutia floridi katika maji yanayopita ndani yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na visima na chemchemi nyingi za ukanda huu huvuka kiwango hicho. Meno ya kahawia ya wengi waliokulia huko yanaeleza hayo bila maabara. Sasa, mbege huanza kwa kuchemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu. Moto huua vijidudu, lakini floridi haiondoki na mvuke. Lita 3 za maji yenye miligramu 3 kwa kila lita zikikauka mpaka zikabaki lita 2, kila lita hubeba miligramu 4.5. Yaani upishi wenyewe, ambao mpikaji huuamini kuwa usalama wake, unazidisha kile alichopaswa kukikwepa. Mvua haijapita katika miamba hiyo, na hufika pipani ikiwa karibu haina floridi kabisa. Aliye juu, karibu na msitu, ambaye mfongo wake, yaani mfereji, huleta maji mepesi ya mlimani, hana haja kubwa na hoja hii. Lakini walio wengi hawaishi karibu na msitu.

Wajuzi wa bia ya shayiri watapinga kwa jambo lenye uzito: maji ya mvua ni matupu mno. Kimea hufanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa na kalsiamu, na chachu nayo huihitaji. Umaarufu wa bia za Burton upon Trent, Uingereza, ulitokana na maji magumu yaliyojaa jipsi, madini yenye kalsiamu. Ni kweli, lakini mwaka 1842 Josef Groll alipika mjini Plzeň bia ya rangi ya dhahabu ambayo dunia nzima imeiga, na maji ya mji huo ni laini sana. Utupu wa maji, basi, hauizuii bia kuwa njema; unamwachia mpikaji uamuzi. Kinachokosekana huongezwa kwa kijiko, ila kilichozidi hakitolewi kwa kijiko. Anayepika bia ya shayiri nyumbani kwa maji ya tanki atatia jipsi kidogo, basi. Na mpika mbege ana bahati zaidi, kwa sababu ulezi ni miongoni mwa nafaka zenye kalsiamu nyingi kuliko zote: takriban miligramu 340 katika gramu 100, mara nyingi zaidi ya mchele. Ndizi nazo huja na potasiamu na magnesiamu. Waliounganisha vyakula hivi viwili katika pipa moja hawakuwa na kipimo cha madini, ila walichokiunganisha kinafaa kabisa maji yasiyo na kitu.

Pingamizi la uchafu ni zito kuliko hilo, na halijibiwi kwa kusema kwamba maji yatachemshwa. Baada ya kiangazi paa huwa na vumbi, majani makavu, kinyesi cha ndege na mijusi. Kuchemsha hakutoi vumbi wala madini ya risasi ya rangi kuukuu, na bati lenye rangi ya namna hiyo lisikinge maji ya pombe hata kidogo. Mpikaji makini huacha mvua ya kwanza ioshe paa na kumwagwa kupitia bomba la pembeni kabla hajafungulia tanki. Huweka chujio mdomoni na mfuniko usiopitisha mwanga, ili mbu na mwani wasipate makao. Maji ya mvua pia yana uchachu kidogo, hivyo huchukua zinki kutoka kwenye bati. Chachu huhitaji zinki, ila kidogo sana, na mbege ikiiva huwa na uchachu mkali zaidi kuliko maji ya mvua. Kwa hiyo ichachie katika pipa la mbao au la plastiki, kamwe si katika ndoo ya bati.

Kuhusu kiasi, hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba likipata milimita 20 hukinga lita 1,200, na hata sehemu ya tano ikipotea hubaki lita 960, zaidi ya mahitaji ya pombe ya sherehe ya familia. Lakini masika yakiisha Mei na vuli ikachelewa, anayesema kwamba tanki ni la kunywa watoto kwanza ana haki, na hapo sina hoja ya kumpinga. Tanki likishuka chini ya robo, mbege isubiri mvua, na ndizi zitakazoiva wakati huo ziliwe au zipelekwe sokoni.