Hii Ndiyo Chaja! Hilux ya Kamembe Yapata Mtunza Betri

Jamani, hii kitu! Boksi limefunguka, chaja iko mkononi, haifiki hata kilo moja, na tayari natamani kila mwenye pikapu kuanzia Kamembe hadi Bugarama aje aione. Inaitwa CTEK MXS 5.0, kazi ya Waswidi. Unaifunga kwenye gari jioni, unaichomeka ukutani, unakwenda kulala. Alfajiri unazungusha ufunguo mara moja na dizeli inanguruma. Hakuna kusukuma gari, hakuna kumbembeleza jirani aje na waya akupe moto.

Najua swali litakalokuja: pikapu inayopiga kazi kila siku inataka chaja ya nini, wakati altaneta ipo? Tazameni kazi zenyewe za wilaya yetu ya Rusizi. Hilux inapakia sokoni Kamembe, inateremka mpakani Rusizi ya Kwanza, inazimwa, inasubiri foleni, inawashwa, inasogea kidogo, inazimwa tena. Kila mara stata ya dizeli inavuta ampea mia kadhaa, na altaneta haipati muda wa kulipa deni. Siku ya pili mzigo ni wa Bugarama, kwenye mchele na saruji, bonde lililo chini kuliko pote Rwanda. Joto la kule linachakaza betri kimyakimya. Halafu unaitwa Kigali, unapandisha msitu wa Nyungwe penye baridi na ukungu, na huko gari likigoma kuwaka utakutana na nyani kabla hujakutana na fundi.

Na pikapu isiyotembea? Hiyo ndiyo inayoumia zaidi. Alamu, redio na kile kifaa cha kufuatilia gari vinaendelea kunywa umeme hata ukiwa umelala. Chukua miliampea 50 tu: kwa siku ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 70 inakauka chini ya miezi miwili, na itashindwa kuwasha injini mapema zaidi ya hapo. Ikikaa hivyo bila chaji, salfeti inaganda kwenye sahani za risasi na nafasi ya kuhifadhi umeme inapungua. Betri nyingi zinazotupwa hazikuzeeka. Zilikufa njaa.

Sasa tuingie chini ya boneti, maana hapa ndipo nilipofurahi kupita kiasi. Ndani ya boksi kuna waya wenye pete mbili, nyekundu na nyeusi, unaobaki kwenye gari moja kwa moja. Zima gari, toa ufunguo, chukua spana namba 10. Ukihitaji kufungua vichwa vya betri, anza na hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi la gari hutaona cheche. Safisha ule unga mweupe na wa kijani kwa maji ya moto na magadi. Pete nyekundu chanya, nyeusi hasi, kaza. Hakikisha waya una fyuzi karibu na betri. Kama hauna, mwambie fundi aweke. Kisha upitishe mbali na feni na ekzosi, ufunge kwa vibano vya plastiki, na kichwa chake ukitokeze kwenye grili ya mbele. Ndiyo basi! Kuanzia hapo hufungui tena boneti kuchaji: unachomeka grili, unachomeka ukutani.

Fundi aliyekuwa anatazama alitia shaka. "Mzee, usiku kucha hivi, maji ya betri hayatachemka?"

Swali zuri, kwa sababu chaja kubwa za gereji zinasukuma tu hadi mtu akumbuke kuzichomoa. Hii inafikiri. Ina hatua nane na taa nane. Inapima, inajaribu kuvunja salfeti, inajaza kwa ampea 5 hadi volti 14.4, inasita kidogo kuangalia kama betri inashika chaji, halafu inashuka hadi volti 13.6 na kukaa hapo. Baadaye inatulia kabisa na kugusa kidogo tu pale betri inapolegea. Ukiwa na betri ya ampea-saa 70 iliyofika nusu, usiku mmoja karibu unatosha. Nilipima asubuhi baada ya kuchomoa na kuacha itulie: volti 12.7. Betri imejaa! Kwa kulinganisha, 12.4 ni kama robo tatu, na 12.0 ni ya kuombea dua.

Umeme ukikatika? Ukirudi inaendelea yenyewe na kazi ile ile. Bili nayo isikutishe: inapojaza kwa nguvu zote inatumia wati chache kuliko balbu ile ya zamani ya 100, na ikishajaza haionekani hata kwenye mita. Na nikikumbuka kwamba mto huu huu wa Rusizi unazungusha mitambo ya Ruzizi ya Pili, megawati 43.8 zinazogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo, nacheka peke yangu: mto unachaji Hilux yangu!

Lawama ninazo. Nyaya zake ni fupi, kwa hiyo utahitaji ekstensheni. Chaja yenyewe inavumilia mvua, lakini plagi na ekstensheni hazivumilii, nanyi mnaijua mvua ya Rusizi. Soketi iwe chini ya paa. Ukiagiza kutoka Nairobi au Dar es Salaam utaletewa plagi ya miguu mitatu ya Kiingereza isiyoingia ukuta wetu, basi omba ya miguu miwili ya duara. Betri iliyokwisha kufa haitaifufua. Itakuwashia taa nyekundu tu. Bei nayo inauma. Anayelaza gari barabarani bila soketi atafute paneli ndogo ya jua yenye kidhibiti chaji, hasa kule Bugarama.

Uamuzi wangu: kama una soketi uani na pikapu yako inazimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, au inalala wiki nzima bila safari, nunua hii kabla hujanunua betri nyingine. Ila kwanza mpe fundi apime betri uliyonayo. Kama bado inashika chaji, funga pete hizo wiki hii.