Wapimaji wa Moshi wa Angani

Kiangazi, ukiwa juu ya Kilima cha Buyangu katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kuna siku Mlima Elgon unauona vizuri na kuna siku umemezwa na utusitusi. Mlima uko pale pale. Kilichobadilika ni hewa. Mashamba ya miwa yamechomwa, kuni zinawaka majikoni, barabara inatimka vumbi, na unyevu wa asubuhi unavimbisha baadhi ya chembe hizo. Jicho linajua kuna kitu. Ni kiasi gani, na kimetanda kimo gani, hapo anahitajika fundi.

Mafundi hao nawastahi sana. Upande huu wa nchi wamefanya kazi Mbita, kando ya Ziwa Victoria, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kwa fotomita ya jua ya AERONET, mtandao wa kimataifa wa kupima chembe za hewani. Chombo hicho hulifuata jua na kuupima mwanga wake rangi moja moja. Moshi, kwa udogo wa chembe zake, huzuia mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Vumbi la chembe kubwa halibagui sana. Vipimo huchukuliwa vitatu vitatu, sekunde 30 kati ya kimoja na kingine. Vikipishana mno, ni wingu lililopita, na vyote hutupwa.

Kinachonivutia zaidi ni utunzaji wa chombo hicho. Buibui akitandaza uzi ndani ya mrija unaopokea mwanga, kompyuta itaandika moshi usiokuwepo. Basi mtu hupanda juu ya paa, akauchungulia mrija, akautoa utando, akafuta kioo asikikwaruze, akaandika saa daftarini. Vipimo vya moshi vya satelaiti za gharama kubwa huhakikiwa kwa kazi ya mkono huo.

Hata hivyo, fotomita hujumlisha hewa yote, toka ardhini hadi juu kabisa. Moshi umekaa wapi, lida ndiyo hueleza: hurusha mmweko wa leza na kungoja mwanga uliogonga chembe urudi. Kwenda kilomita 1 na kurudi ni kama sehemu 7 za milioni ya sekunde, na chombo huzihesabu. Satelaiti ya CALIPSO ilibeba lida tangu 2006 hadi 2023, ila ilipima ukanda mwembamba tu chini yake, na kwa miaka mingi iliurudia kila baada ya siku 16. Lakini mama anayepika kwa kuni kando ya msitu huvuta moshi kila jioni.

Ndiyo maana Buyangu naitakia vyote: karatasi za chujio karibu na nyumba, zipimwe uzito kabla na baada ya kupitishiwa hewa; fotomita kilimani; lida kando yake; na kijana wa hapo hapo, aliyefundishwa na kulipwa mshahara kamili, wa kuvitunza.